Mizani, Utepe na Shahamu: Habari za Kuukadiria Mwili wa Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga akilazwa juu ya mizani, mizani hutoa jibu moja tu: ana kilo kadha. Haisemi katika kilo hizo ni ngapi za maji, ngapi za minofu, ngapi za mifupa, wala ngapi za shahamu. Watoto wawili waliolingana uzito hata kwa gramu waweza kuwa mbalimbali kabisa katika yaliyomo ndani ya ngozi zao: mmoja ana akiba ya kumvusha katika homa ya juma zima, na mwenziwe amejaa maji matupu. Kwa mtu mzima kosa la kuwachanganya wawili hawa ni la kuudhi. Kwa mtoto wa miezi miwili laweza kuwa la mauti. Kwa sababu hiyo, habari za watu waliojaribu kuyajua ya ndani kwa kupima ya nje, kwa mizani, kwa utepe na kwa koleo, si habari za udadisi wa wanachuoni peke yake.

Hata huo uzito wenyewe haukujulikana mapema. Vitabu vya zamani vya matabibu wa Ulaya vilitaja uzito wa mtoto anapozaliwa kwa kukisia, na makisio hayo mara nyingi yaliipita kweli kwa mbali. Mwaka 1753 ndipo Johann Georg Roederer, mwalimu wa ukunga huko Göttingen katika Ujerumani, alipotoa maandiko ya Kilatini yenye uzito na urefu wa watoto waliopimwa kweli. Miaka michache baadaye, kati ya 1759 na 1777, bwana mmoja wa Kifaransa aitwaye Philibert Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe urefu tangu kuzaliwa hata akawa kijana wa miaka 18, na rafiki yake Buffon akavichapisha vipimo hivyo katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya viumbe. Vipimo vile vimesifiwa sana, na vyastahili sifa. Lakini ni vya urefu tu. Kama kijana yule alikuwa mtoto wa mashavu au mtoto wa mbavu, jedwali lake halisemi.

Aliyeshika kazi ya kuviunganisha vipimo viwili hivyo, urefu na uzito, alikuwa Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtu wa elimu ya nyota na hesabu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1835. Fikira yake ilikuwa nyepesi kueleza. Ikiwa mwili hukua sawasawa kwa urefu, kwa upana na kwa unene, basi uzito wake lazima uongezeke kama kipeo cha tatu cha urefu, kama vile sanduku lililozidishwa mara mbili kila upande huchukua mara nane ya lilivyochukua mwanzo. Quetelet alipotazama vipimo vyake, aliona sivyo. Uzito huongezeka polepole zaidi, karibu na mraba wa urefu. Isipokuwa, alisema, katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaliwa, maana katika mwaka huo kile kipeo cha tatu hufuatwa kwa kadiri kubwa. Kanuni yake ya kuugawanya uzito kwa mraba wa urefu ilidharauliwa kwa zaidi ya miaka 100, kisha ikapewa jina jipya na Ancel Keys wa Marekani mwaka 1972, na leo yatumika katika kila hospitali ya dunia. La kustaajabisha ni kwamba wengi walioipokea waliyachukua maneno yake yote wakaliacha lile moja la "isipokuwa". Mtoto mchanga, ambaye Quetelet alimtoa nje ya kanuni, akaingizwa ndani yake bila ya kuulizwa.

Si wote waliosahau. Mwaka 1921 Fritz Rohrer wa Uswisi aliitengeneza hesabu ya kugawanya uzito kwa kipeo cha tatu cha urefu, na matabibu wa watoto wakaipenda kwa ajili ya wachanga. Mtoto wa gramu 3,200 mwenye urefu wa sentimita 50 hupata 2.56 kwa hesabu hiyo, baada ya kuzidisha kwa 100. Akizaliwa mrefu na mkondefu, tarakimu hushuka, na tabibu hufahamu kwamba huyu alikosa chakula katika miezi ya mwisho ya mimba, kwa kuwa urefu alikwisha kuupata na nyama hakuipata. Ni alama yenye maana. Walakini si kipimo cha shahamu. Kosa la nusu sentimita katika urefu, ambalo mkunga hodari aweza kulifanya kwa mtoto anayejikunja na kulia, likifikishwa kwenye kipeo cha tatu huwa kosa kubwa. Uchunguzi wa mradi uitwao INTERGROWTH-21st, uliochapishwa mwaka 2017, ulirudi mahali pepesi kuliko pote: katika watoto waliozaliwa, uzito uliogawanywa kwa urefu peke yake, pasipo mraba wala kipeo cha tatu, uliambatana na shahamu na minofu kuliko hesabu zile nyingine mbili. Karibu miaka 200 ya vipeo, na kipeo kilichoshinda ni kimoja.

Katika siku za kati, uzito ulifanywa mlinzi wa uhai. Pierre Budin, tabibu wa Paris, alianzisha mwaka 1892 katika Hospitali ya Charité baraza la kuwatazama watoto wachanga waliokwisha kutoka hospitalini. Mama aliitwa kila juma, mtoto akapimwa, uzito ukaandikwa, na shauri la maziwa likatolewa kwa kadiri ya mstari uliochorwa. Kliniki za watoto za Afrika Mashariki, pamoja na mizani yake ya kuning'inia na kadi yenye mistari iliyopinda, ni wajukuu wa baraza lile. Mstari ukipanda, muuguzi hufurahi. Ukilala, huuliza maswali. Njia hii imeokoa watoto wengi, wala hapana haja ya kuidharau. Ila ina tundu moja, na tundu hilo halikuonekana wazi mpaka ilipojulikana mizani inapima nini hasa.

Ili kulijua hilo, miili ilipasa kufunguliwa. Wanakemia wa Ujerumani katika karne ya 19 walikwisha kuichunguza maiti ya watoto waliozaliwa wafu na mimba zilizotoka, wakaona kwamba mwili wa mwanadamu huanza kama maji matupu na kuendelea kukauka kadiri unavyokua. Kazi iliyo mashuhuri zaidi ni ya Elsie Widdowson huko Uingereza, mwenzi wa kazi wa R. A. McCance kwa miaka mingi. Mwaka 1950 aliandika habari za viumbe wachanga wa namna mbalimbali, na mwaka uliofuata, pamoja na mwenziwe, akatoa tarakimu za miili ya binadamu kabla ya kuzaliwa na wakati wa kuzaliwa. Mtoto wa binadamu aliyetimiza miezi yake alikuwa na shahamu sehemu 16 hivi katika kila sehemu 100 za uzito wake. Mtoto wa nguruwe alikuwa na sehemu 1 tu. Wa paka na wa sungura wachache kidogo zaidi. Hata yule mnyama mdogo aitwaye pimbi wa Guinea, aliyewapita wenziwe, hakufika zaidi ya 10. Nguruwe, ambaye jina lake ni mfano wa unono, huzaliwa mkondefu. Na binadamu ajionaye kuwa kiumbe wa akili huzaliwa mnono kuliko wanyama karibu wote wa nchi kavu.

Tena shahamu hiyo huwekwa mwishoni. Mtoto anayezaliwa majuma 12 kabla ya wakati hana hata sehemu 5 katika 100, na ngozi yake yaonyesha mishipa kama karatasi nyembamba ionyeshavyo wino. Akiba yote ya chakula na joto hujengwa katika majuma yale anayoyakosa. Hii ndiyo sababu watu waliowalea watoto njiti walikuwa wa kwanza kutaka kujua, si uzito gani mtoto ameongeza, bali ameongeza nini.

Lakini maiti haiwezi kuwa kipimo cha walio hai, na maiti zilizochunguzwa hivyo zilikuwa chache sana. Njia ya kuifikia shahamu ya mtoto aliye hai ilipitia kwenye ngozi. Sehemu kubwa ya shahamu ya mchanga imelazwa chini ya ngozi, si tumboni kama ya mzee. Basi mtu akiukamata mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili na kuupima unene, amepata habari ya akiba iliyo chini yake. Jindřich Matiegka wa Prague alikuwa amekwisha kulifikiri jambo hili mwaka 1921. Aliugawa mwili wa mtu mzima katika mafungu manne, mifupa, ngozi na shahamu, minofu, na mabaki, na kwa matatu ya kwanza akatoa kanuni za hesabu za kuyapata kutokana na vipimo vya nje: upana wa viungo, unene wa mikunjo ya ngozi, mzingo wa mikono na miguu. Ni kazi iliyotangulia wakati wake, na ilikaa muda mrefu bila ya kufuatwa.

Kilichokosekana kilikuwa chombo. Vidole vya watu havibani sawasawa, na koleo la chemchemi dhaifu hutoa tarakimu moja asubuhi na nyingine jioni. Katika miaka ya 1950 J. M. Tanner na wenziwe wa Uingereza walitengeneza koleo lililopewa jina la Harpenden, kijiji walimokuwa wakiwapima watoto tangu miaka ya 1940. Koleo hilo hubana kwa nguvu ile ile, gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, liwe limefunguka kidogo au sana. Likashikwa nyuma ya mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, na chini ya bapa la bega. Baadaye kwa wachanga wengine waliongeza ubavuni na pajani.

Kwa mtoto mchanga koleo lilikuta shida ambayo kwa watu wazima si kubwa. Ngozi ya aliyezaliwa jana imejaa maji, na maji hukimbia yanapobanwa. Mpimaji akisoma mara moja apata tarakimu kubwa. Akingoja dakika moja, mshale umeteremka. Watafiti wengine waliona katika kuteremka huko faida badala ya hasara, maana kiasi cha kuteremka ni habari ya maji yaliyokuwamo. Wengine waliamuru kusoma baada ya muda uliowekwa, wakaendelea. Kwa vyovyote, mtoto hakai kimya, na milimita moja katika mkunjo wa milimita 4 au 5 si jambo dogo.

Namna ya kutoka katika mikunjo kufikia mwili mzima ilionyeshwa kwa uzuri mwaka 1977 huko Cambridge na Dauncey, Gandy na Gairdner. Walipima mikunjo mahali pawili tu na vipimo tisa vya urefu na mzingo wa viungo. Kisha wakaudhania mwili wa mtoto kuwa umeungwa kwa vipande vya umbo la gogo la mviringo, mikono, miguu na kiwiliwili, kila gogo limevikwa blanketi la shahamu lenye unene wa nusu ya mkunjo. Eneo la blanketi likizidishwa kwa unene wake hutoa ujazo wa shahamu, na ujazo hutoa uzito. Fundi cherehani angeielewa hesabu hii pasipo kuelezwa mara mbili. Uzuri wake ni kwamba haikukopa kanuni za watu wazima. Upungufu wake ni kwamba huiacha shahamu ya ndani, na kwamba paja la mtoto mnono, lenye mapingili kama bangili, si gogo.

Kukopa kanuni za watu wazima ndiko kulikokuwa mtego mkubwa wa zama hizo. Kanuni hizo, zilizotoka katika kuwapima watu uzito ndani ya maji tangu miaka ya 1940, hudhania kwamba sehemu ya mwili isiyo shahamu ina tabia moja isiyobadilika: maji kama sehemu 73 katika 100, na uzito wa gramu 1.10 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Samuel Fomon na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Iowa, waliotoa mfano wa mtoto wa kiume wa mwaka wa kwanza mnamo 1967 na jedwali kamili la wavulana na wasichana mwaka 1982, walionyesha kwamba mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa. Sehemu yake isiyo shahamu ina maji zaidi ya 80 katika 100, na kwa hiyo ni nyepesi. Anayetumia kanuni ya wakubwa huuona wepesi huo wa maji akaudhani ni shahamu, na hivyo mtoto mkondefu huandikwa mnono. Jedwali la Fomon ndilo lililoonyesha mwendo wa kweli: mvulana huzaliwa na shahamu 13.7 katika 100 na msichana 14.9, kufikia miezi sita wamepanda hadi 25.4 na 26.4, kisha hushuka polepole kadiri mtoto anavyoanza kutambaa na kusimama. Hakuna wakati mwingine wa utoto ambapo shahamu hukusanywa kwa kasi ya namna hiyo. Hata hivyo watoto wa jedwali hilo ni wa kufikirika. Wametungwa kwa kuunganisha maiti chache za mwanzoni na vipimo vya maji na madini katika watoto walio hai wa baadaye, na pengo la katikati limezibwa kwa hesabu.

Wakati Ulaya na Marekani zikiitafuta shahamu iliyomo, Afrika ilikuwa ikishughulika na mizani inayodanganya. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyekuwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi, na mwaka 1935 akalitaja jina lake la Kiga, kwashiorkor, ambalo Waswahili wamelifanya kwashakoo. Huko Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Hugh Trowell alipambana na ugonjwa huo huo, ambao Waganda waliuita obwosi, na mwaka 1954 yeye pamoja na Davies na Dean wakautolea kitabu. Mtoto wa kwashakoo huvimba miguu na uso. Nywele hugeuka rangi, ngozi huambuka, naye hununa wala hataki kuchezewa. Akiwekwa mizanini huonekana hana hitilafu kubwa, kwa sababu maji ya uvimbe yamejaza nafasi ya minofu iliyoliwa.

Hapo ndipo tundu la mizani linapoonekana dhahiri. Siku mtoto huyo anapoanza kupona, maji humtoka, na uzito wake hushuka. Mama aliyeketi kando ya kitanda anaiona tarakimu ikiteremka siku kwa siku, na kama hakuelezwa vizuri atadhani mwanawe anakufa. Kumbe ndiyo kwanza anarudi. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: yule ambaye tarakimu yake yapanda kwa haraka, na jamaa zake wanashukuru, aweza kuwa anajaa maji. Muuguzi asiyeshika ila kadi ya uzito atakosea mara zote mbili. Kidole gumba kikibonyezwa juu ya mguu na kuacha shimo chaeleza zaidi ya mizani ya fedha nyingi.

D. B. Jelliffe, aliyekuwa profesa wa matibabu ya watoto Makerere kuanzia 1959 hadi 1966, ndiye aliyezikusanya njia nyepesi na kuziweka mahali pamoja, katika kitabu juu ya kupima hali ya chakula ya jamii kilichochapishwa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 1966. Shabaha yake haikuwa maabara. Alimfikiria mtu anayefika kijijini kwa baiskeli, pasipo umeme na pasipo mizani ya kuaminika, mbele ya watoto mia ambao baadhi yao hawajulikani wamezaliwa lini. Kwa mtu huyo alipendekeza mkono. Mkono wa juu hufikika bila ya kumvua mtoto nguo. Uvimbe wa maji hukimbilia miguuni na usoni kuliko mkononi. Na ndani yake vimo vitu vitatu tu vya maana, mfupa mmoja, minofu na shahamu. Mama aliyemfunga mwanawe hirizi mkononi aliijua elimu hiyo kwa namna yake: uzi uliobana ukilegea, kuna jambo.

Jelliffe na mwenziwe Gurney wakaifanya elimu hiyo kuwa hesabu kamili mwaka 1973. Tuseme mzingo wa mkono ni sentimita 14, na mkunjo wa ngozi nyuma yake ni milimita 8. Mkunjo una ngozi maradufu, kwa hiyo blanketi la shahamu lina unene wa milimita 4 kuzunguka pande zote. Mkunjo ukizidishwa kwa 3.14 na kutolewa katika mzingo, hubaki sentimita 11.5, nao ndio mzingo wa minofu pamoja na mfupa. Ukikata mkono huo kwa fikira, kama mtu akatavyo muwa, eneo lote ni sentimita za mraba 15.6; minofu na mfupa huchukua 10.5, na shahamu 5.1. Kwa utepe wa shilingi chache na koleo moja, mpimaji amemtenga mtoto aliyepoteza akiba na aliyepoteza minofu, jambo ambalo kilo peke yake haziwezi kulifanya. Ni kweli kwamba mkono si duara kamili, na mfupa umehesabiwa pamoja na nyama. Lakini katika hesabu zote za namna hii hakuna iliyo nyofu kuliko hii.

Jambo moja la bahati liliufanya mkono upendwe zaidi. Baina ya mwaka mmoja na mitano mzingo wake hauzidi sana, kwa kuwa shahamu ya uchanga hupungua kadiri minofu inavyoongezeka, na kimoja huijaza nafasi ya kingine. Hivyo mpaka mmoja waweza kutumika kwa watoto wote wa rika hilo, pasipo kuuliza umri. Katika vita vya Biafra timu ya misaada ya Waquaker ilitumia fimbo iliyoandikwa mizingo badala ya urefu, mtoto asimamishwe karibu nayo, na mkono wake ulinganishwe na kimo chake. Habari zake zilichapishwa mwaka 1969. Mwaka 1974 Shakir wa Baghdad pamoja na David Morley walitoa utepe wa rangi tatu: nyekundu chini ya sentimita 12.5, manjano kutoka hapo hadi 13.5, kijani juu yake. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuutumia, na hilo lilikuwa ndilo kusudi.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja bahati hiyo haipo. Mkono wake wa kuzaliwa una mzingo wa sentimita 10 hivi, na katika miezi sita huongezeka kwa kiasi ambacho mtoto wa miaka mitatu hukipata kwa miaka. Kwa hiyo kwa wachanga ilihitajika mistari ya umri. Shirika la Afya la Dunia liliwapima watoto 8,500 hivi kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, wakiwa watoto wa mama wenye afya, wasiovuta tumbaku, na wachanga wakinyonyeshwa. Katika Oman watoto walikuwa wa Muscat, mji ambao nyumba nyingi za Waswahili zina ndugu ndani yake. Mistari ya uzito na urefu ilitolewa mwaka 2006, na ya mzingo wa mkono na mikunjo ya ngozi mwaka 2007. Hii ya mwaka 2007 huanza mtoto akiwa na miezi mitatu.

Huko Pune katika India, utepe na koleo vilitoa habari ambayo hakuna aliyeitazamia. C. S. Yajnik na wenziwe waliwalinganisha watoto waliozaliwa katika vijiji vya Pune na wa Southampton katika Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Watoto wa Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wale wa Southampton kilo 3.5. Kila kipimo cha Pune kilikuwa kidogo, lakini si kwa kadiri moja. Tumbo na minofu ya mkono vilipungua mno. Mkunjo wa chini ya bapa la bega ulikaribia kulingana na wa Waingereza. Mtoto aliyeonekana amekonda alikuwa ameihifadhi shahamu yake na kuitoa minofu. Watafiti wale walimwita mkondefu mnono, na wakaufikiria ugonjwa wa kisukari unaowaandama Wahindi wengi ukubwani kuwa pengine mizizi yake i katika majuma yale ya mwisho tumboni. Mizani ilikuwa imemwandika mtoto huyo kuwa mdogo, basi. Utepe wa fundi nguo ndio uliomwonyesha alivyo.

Tangu miaka ya 2000 kimekuwako chombo kinachoupima mwili wa mchanga bila ya kumdhuru, nacho ni sanduku la hewa. Mtoto hulazwa ndani yake kwa dakika chache, na hewa anayoisukuma kando hutoa ujazo wake, kama maji ya Archimedes yalivyotoa ujazo wa taji. Kwa chombo hicho kanuni za zamani zimeitwa kutoa hesabu. Mathalan, Patrick Catalano na wenziwe wa Cleveland walikuwa wametoa mwaka 1995 kanuni yenye vipimo vitatu tu: uzito na mkunjo wa ubavuni huiongeza shahamu, urefu huipunguza. Kanuni za namna hiyo zimeonekana kufaa katika wastani wa kundi zima, zaidi kundi likiwa la watu walewale zilikotungwa. Zikihamishiwa kwa watoto wa nchi nyingine hupotoka. Na kwa mtoto mmoja mmoja huweza kukosea kwa kiasi kikubwa mno hata tabibu asithubutu kuamua dawa kwa kuzitegemea. Sanduku hilo limefika Afrika, katika mji wa Jimma huko Ethiopia, ambako watoto waliozaliwa walipimwa na kufuatwa kwa miaka. Lakini lahitaji umeme, chumba tulivu na fedha, na mtoto akipita kilo 8 au 10 hulizidi.

Huku ujuzi wa shahamu ukizidi kuwa mgumu na ghali, katika pwani ya Kenya swali lenyewe liligeuzwa. Katika Kilifi, mtoto anayekonda bila ya sababu ionekanayo husemwa na wengi kuwa ana chirwa, na mahali pengine pa Uswahilini husemwa amebemendwa. Yaani wazazi wamekiuka miiko ya kitanda, na lawama humwangukia mama kwanza. Mama wa namna hiyo huchelewa kwenda hospitali kwa kuona haya. Watafiti wa Kilifi hawakuuliza mtoto ana shahamu kiasi gani. Waliuliza nani atakufa. Mwaka 2005 walionyesha kwamba kwa watoto waliolazwa hospitalini utepe wa mkono huwatambua walio hatarini kwa kiasi kisichopungua kile cha uzito kwa urefu, ambacho hutaka mizani, ubao wa kupimia, jedwali na watu wawili. Mwaka 2012 watafiti wa huko huko, kwa tarakimu za watoto wa Gambia waliopimwa katika umri wa chanjo za kwanza, wakaona mkono wa mchanga unashinda kabisa uzito kwa urefu katika kutabiri kifo.

Ilikuwa ni kinyume cha desturi, kwa kuwa kwa miaka mingi utepe ulihesabiwa haufai chini ya miezi sita. Shirika la Afya la Dunia, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, limekubali milimita 110 kuwa moja ya alama za hatari kwa watoto wa majuma sita hadi miezi sita. Kwa walio juu ya hapo mpaka wa utapiamlo mkali ni 115. Mtoto wa majuma saba mwenye mkono wa milimita 108 hana mstari wowote wa mikunjo ya ngozi wa kulinganishwa nao, kwa kuwa mistari hiyo huanza miezi mitatu, wala hakuna aliyeuliza milimita zile ni za shahamu au za minofu. Huandikwa jina, hutazamwa jinsi anavyonyonya, na mama yake huulizwa naye amekula nini.